Mtani Kaiba Mtoto

Kwenye ghala la korosho nilikokuwa napimia watoto palibandikwa bango la mtoto mnene anayekula tufaa. Bango lilitoka mjini pamoja na gundi yake, na aliyelileta alisisitiza likae mahali ambapo akina mama wataliona. Wakaliona. Katika kijiji kile, ndani kabisa ukishaipita Milola, sijui ni nani aliyewahi kushika tufaa, na mama mmoja aliniuliza kama lile ni bibo la korosho la aina gani. Nikamwambia ni bibo la wazungu, ukilila unavimba hivyo. Akacheka mpaka akakaa chini na mtoto wake mgongoni. Bango liko pale mpaka leo, tufaa limepauka, mtoto bado mnene.

Mimi ni nesi. Kila mwezi nilitoka kwenye zahanati yetu kwa bodaboda, deli la barafu lenye chanjo mapajani na mizani kwenye mkoba, nikaenda kufanya kliniki katika vijiji visivyo na zahanati. Mtu yeyote aliyelea mtoto nchi hii anaijua kazi yenyewe. Mtoto anazaliwa, anachomwa sindano, anapimwa uzito, anarudi mwezi ujao anapimwa tena. Inakuja surua, yanakuja matone ya vitamini, inakuja dawa ya minyoo, anazungushiwa utepe mkononi kuona kama amekonda, na hivyo hivyo mpaka atimize miaka mitano. Mizani niliitundika kwenye boriti ya ghala. Mtoto anavalishwa ile suruali ya kupimia, ananing'inia, analia, nasoma namba, anateremshwa. Msimu wa korosho mahali pale pale hupimwa magunia, na wenye magunia hawaiamini mizani hata kidogo, kwa hiyo na yangu waliiangalia kwa jicho hilo hilo.

Siku ya kliniki ilikuwa siku ya kuvaa. Akina mama walikuja na kanga zilizokuwa bado na mikunjo ya dukani, hina mkononi, wanja, na watoto wamefungwa kama vifurushi. Saa nne ya Lindi, jasho linakuchuruzika ukiwa umekaa tu, na mtoto kavaa sweta, kofia ya sufu na soksi juu ya soksi.

"Mvue," nasema.

"Atashikwa na baridi, nesi."

"Baridi ya wapi? Umemtoa Njombe?"

Hakukuwa na baridi. Walitaka sweta lihesabiwe. Wengine waliwashindilia watoto uji pale mlangoni, kikombe juu ya kikombe, ili mizani iteremke zaidi kuliko ya jirani. Mtoto akitapika juu ya mikono yangu, mama anauliza kama bado nitampima upya. Na namba ikisomwa, utasikia mgongoni kwangu, "Wa fulani kamzidi wako," na mwenye mtoto mdogo anashika njia ya nyumbani kama aliyefeli mtihani. Hayo ndiyo waliyoyaelewa katika miaka yote ya kuelimishwa: kwamba ni mashindano.

Wakubwa nao waliwafundisha hivyo hivyo. Mara moja kwa mwaka walikuja na gari, spika juu ya gari, na fulana zenye maandishi mbele na nyuma. Walipima watoto wachache wa karibu, wakamtafuta aliyenenepa kuliko wote, wakapiga naye picha wakiwa wamempakata kama wamemzaa wao, wakala wali kwa kuku nyumbani kwa mwenyekiti, wakaondoka. Watoto waliokonda hawakupigwa picha. Nilibaki nao mimi na utepe wangu.

Naweza kuwasema wanakijiji hivi kwa sababu mimi ni Mngoni wa Songea na wao ni Wamwera, na sisi ni watani. Asiyekulia kusini nimweleze kidogo. Zamani za mababu, watu wetu waliwashukia huku na mikuki, wakachukua mifugo, wanawake na watoto. Vita vikaisha, uadui ukageuzwa mzaha, na mzaha huo una sheria zake. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia uani kwako akabeba sufuria, na ukiitaka unaikomboa kwa kitu, huku unacheka. Msibani ndiye anayelala mlangoni asitoe njia mpaka apewe chake, na ndiye anayemwigiza marehemu alivyokuwa akikoroma. Kukasirika ni aibu. Anayemkasirikia mtani huonekana hakulelewa.

Nilipopangiwa kazi huku, wenzangu niliosoma nao walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Wajinga. Niliingia kijijini kama bibi arusi. Kliniki yangu ilijaa kuliko ya muuguzi mwingine yeyote wa upande ule, na si kwa sababu ya bango. Akina mama walikuja kutukanwa. Walitembea kutoka mashambani, mtoto mgongoni, ili wamsikie Mngoni atasema nini leo, na wakishacheka nawachoma watoto wao sindano. Sijutii hilo hata leo, maana wale watoto walichanjwa.

Mtani wangu mkubwa alikuwa bibi mmoja mwembamba, mjane, mwenye mikorosho mingi na mdomo mrefu kuliko wangu. Siku ya kwanza aliponiona na deli langu alisimama katikati ya ghala akatangaza, "Kumbe siku hizi Wangoni mnakuja na sindano! Zamani mlikuja na mikuki." Akanivua kanga begani, mpya, akajifunga yeye. Jioni nikapita nyumbani kwake nikabeba kuku jike aliyekuwa akitaga, nikapanda naye bodaboda. Tangu siku hiyo kila mwezi alinidai kuku wake, nami nikamdai kanga yangu, na hakuna aliyelipa. Kwa umri wake nilipaswa kumpa shikamoo. Nilimpa siku za misiba tu. Siku nyingine nilimwuliza kama bado hajafa, naye akaniuliza kama bado sijaolewa.

Binti yake wa mwisho alizaa mtoto wa kike. Baba wa mtoto alikuwa Kilwa Masoko akishughulika na samaki, na hata angekuwepo asingeulizwa kitu. Kwa Wamwera mtoto ni wa upande wa mama, na upande ule mwenye kauli alikuwa yule bibi. Yeye ndiye aliyemleta mjukuu kliniki. Binti alitembea nyuma amebeba mwavuli, akiulizwa jambo anamtazama mama yake kwanza. Nilimdharau kidogo, niseme kweli. Nilimwona hana ulimi.

Mtoto alipofika umri wa surua ya pili nilimpima kama kawaida. Uzito mzuri. Mkono mzuri. Bibi akapiga vigelegele vyake, akawaangalia wengine kwa madaha. Nilikuwa namtoa kwenye ile suruali ya kupimia alipogeuza uso kumfuata kuku aliyepita mlangoni, mwanga ukampiga upande, na ndani ya mboni ya jicho la kushoto nikaona weupe. Nikamrudisha uso kwenye mwanga. Weupe ukarudi. Nikamfunika jicho la kulia kwa kiganja. Akaanza kulia na kunisukuma mkono. Nikamfunika la kushoto. Akatulia, akaendelea kumtazama kuku.

Miezi yote ile nilikuwa nimemning'iniza mtoto yule kwenye boriti, nikamzungushia utepe, nikamdondoshea matone mdomoni. Ratiba yetu ilipima kila kitu chenye namba, na jicho halina kilo. Niliogopa. Chuoni tulifundishwa kwamba weupe wa namna ile kwa mtoto mdogo unaweza kuwa kansa, kwamba inaanzia jichoni na kuelekea kichwani, na kwamba haisubiri mtu amalize mavuno.

Nikasema kama nilivyofundishwa kusema, kwa maneno mepesi. "Jicho la mtoto huyu linang'aa kama la paka. Si zuri. Mpelekeni Lindi, hospitali kubwa, wiki hii hii."

Ghala zima likaangua kicheko.

"Msikieni!" Bibi alikuwa ameshika kiuno. "Mngoni ameona mtoto mwenye nuru machoni, wivu umemkaba. Kwenu mnazaa wenye macho ya mkaa, mtayajulia wapi?"

"Sitanii, mtani."

"Lini ulitania? Hata kuku wangu hukumwiba kwa utani, ulimla kweli!"

Wakacheka tena. Akina mama waliokuwa kwenye foleni walisogea kumtazama mtoto, wakampapasa, wakakubaliana kwamba ana nuru. Kabla sijafunga deli langu, walikuwa wameshampa jina: Paka wa Mngoni. Nilipanda bodaboda nikiwa nimekunja uso, na dereva akanisifu kwamba leo nimewapatia kweli kweli.

Mwezi uliofuata nilikwenda kwa adabu. Sikumtukana mtu. Nilimwendea bibi kabla hajafika mlangoni, nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka tuzungumze kuhusu jicho la mjukuu wako. Linaweza kumuua."

Aliwageukia wenzake, akaiga goti langu na sauti yangu, vizuri kabisa, mpaka mimi mwenyewe ningecheka kama ningekuwa mtu mwingine. "Leo mtani anacheza ustadhi," akasema. "Mpeni kofia." Mtu akanivika kofia ya mtoto. Nilisimama pale na kofia ya sufu juu ya kichwa, nikawachukia wote, mmoja mmoja, kuanzia bibi mpaka yule mwenye kofia. Huwezi kuamini jinsi watu wanavyokuwa wapumbavu wakiwa na furaha.

Mtu ataniuliza kwa nini sikumtuma ambaye si mtani. Nilijaribu. Mkubwa wangu wa zahanati alitoka Kagera, hana utani na mtu huku, wangemsikiliza hata akiwa amelala. Alikuwa semina. Aliporudi semina aliniambia niandike barua ya rufaa, kisha akaenda semina nyingine, ambayo nadhani ilihusu namna ya kuwafikia wananchi. Barua nikaiandika. Bibi aliichukua, akaikunja vizuri, akaichomeka kwenye pindo la kanga yangu aliyonivua, akazunguka nayo kijijini akisema mtani kamwandikia barua ya mapenzi. Kijana aliyechaguliwa na kijiji kutembelea kaya kwa mambo ya afya nilimkalisha chini nikamweleza yote. Alitikisa kichwa kwa huzuni mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Lakini shangazi, hii ni kweli au mnataniana?"

Kisha wakahamia shambani kulinda mahindi dhidi ya nguruwe, na kwa kipindi kizima cha mavuno sikumwona mtoto. Wakati huo ndipo nilipojua hasira ni kitu gani. Nilikuwa napima watoto wa watu, nawasemesha, nawachekesha mama zao, na moyoni naona lile jicho.

Waliporudi, weupe ulionekana bila kutafutwa. Jicho lenyewe lilikuwa limeanza kwenda upande, na mtoto alikuwa akiligusa kwa ngumi. Siku hiyo gari la wilaya lilikuwa limeleta chanjo na lilikuwa likirudi Lindi. Dereva alikuwa ameshawasha, amefungua mlango ili upepo uingie. Nilimtoa mtoto kwenye suruali ya kupimia. Badala ya kumpa bibi yake, nikamweka kiunoni kwangu, nikatembea moja kwa moja mpaka kwenye gari, nikapanda.

"Nimechukua!" nikapaza sauti. "Mnaomtaka, njooni mkomboe Lindi!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. "Wangoni wameanza tena!" watu waliitana. "Kimbieni, Wangoni wanabeba watoto!" Wanaume waliokuwa wakicheza bao waliacha kete, wakaja kuona. Bibi alipiga vigelegele, akavunja kijiti akanirushia kama mkuki, akakosa. Hakuna aliyenishika mkono, na wala hakuna ambaye angenishika. Mtu hawezi kumnyang'anya mtani alichopora, anakikomboa. Kwa miezi nilikuwa nimesema kweli yangu wakaicheka, sasa nilikuwa naiba mbele ya macho yao mchana kweupe, na walinipisha njia.

"Umrudishe na kuku wangu!" bibi alinipigia kelele.

Binti yake alikimbia kutoka nyumbani akafika gari linaanza kutembea. Alirukia kiti cha nyuma, akakaa, akanyoosha mikono achukue mtoto. Nilimpa. Alikuwa amebeba mkoba. Tulipofika barabara kubwa ndipo nilipoutazama vizuri: nepi zilizokunjwa, kanga mbili, sufuria ndogo, kipakti cha chumvi. Mtu anayemkimbiza mwizi hachukui chumvi. Sijui ulikuwa umefungwa kwa siku ngapi. Sikumwuliza, naye alimnyonyesha mtoto mpaka Lindi huku anatazama nje. Ile dharau yangu ya kwamba hana ulimi niliimeza pale pale garini.

Daktari wa Lindi alikuwa kijana. Alimulika lile jicho mara moja, akazima kurunzi, akaiwasha tena akatazama la pili kwa muda mrefu zaidi. Kisha akatoa ile sentensi ambayo kila daktari niliyewahi kumjua huiweka mfukoni pamoja na kalamu: "Mmechelewa." Nilitamani kumwambia aende yeye ghalani akavishwe kofia. Lakini aliandika rufaa ya Dar es Salaam pale pale, akapiga simu mwenyewe ili wapokewe, na asubuhi yake mama na mtoto wakapanda basi. Mimi nikarudi kazini.

Baada ya siku chache yule binti alinipigia simu. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti yake ikiwa peke yake.

"Wanasema ni kansa kweli. Wanataka kulitoa jicho. Wasipolitoa itapanda."

"Kubali," nikasema.

"Nimeshakubali. Nimetia sahihi. Mama utamwambia wewe. Mimi siwezi."

Walipokwisha kulitoa nilikwenda kumwambia. Nilimkuta uani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Nikakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nikasema polepole, "Bibi, wamelitoa jicho la mjukuu wako. Ilibidi. Yuko hai, anapewa dawa, atakaa huko miezi."

Aliniangalia. Niliona uso wake ukisita, nikadhani sasa imeingia. Kisha akapasua korosho nyingine na kicheko kikamtoka, kirefu, mpaka machozi. "Mngoni weye! Kwanza ulimwiba mzima, sasa unamla vipande vipande! Kesho utakuja kuniambia umemla mguu!" Akamwita jirani aje asikie. Jirani akacheka. Jioni ile kijiji kizima kilijua kwamba mtani amekula jicho la Paka, na ukawa mzaha wa msimu. Nilikutana nao kisimani, gengeni, mlangoni mwa msikiti: "Mtani, lilikuwa tamu?" Wengine nadhani walishaanza kujua. Binti alikuwa akiwapigia simu watu wengine pia. Lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha kucheka mbele ya bibi, na bibi hakuacha. Miezi yote ile alicheka. Nilimwona mpumbavu kuliko wote niliowahi kuwatibu. Leo sina hakika kama alikuwa haamini, au alikuwa akijua kwamba siku atakayoacha kucheka ndiyo siku jambo litakuwa kweli.

Siku waliyorudi nilikuwepo, maana nilijua basi lao. Bibi alifika kituoni na wanawake wenzake, wamevaa, mmoja ana kigoma. Basi likasimama. Binti akateremka na mtoto kiunoni, mtoto amekua, nywele zimepungua kwa dawa, ameshika biskuti. Juu ya upande wa kushoto wa uso palikuwa na kitambaa cheupe kilichobandikwa kwa plasta. Bibi alikuwa ameshaanza vigelegele na havikukatika mara moja. Viliendelea kidogo, vyenyewe, kisha vikaisha.

Akasogea. Akaiinua plasta upande mmoja kwa kidole, akachungulia, akairudisha na kuibana vizuri, kama mtu anayefunika chakula. Mtoto akampa biskuti. Akaipokea, akaila. Hakunitazama mimi wala binti yake. Alimchukua mjukuu, akampandisha mgongoni, akashika njia ya nyumbani na wale wanawake nyuma yake, kigoma kikiwa kimebebwa tu. Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita mtoto yule Paka.

Kliniki ya mwezi uliofuata alikuja. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi ya kweli, yale yasiyo na sheria. Aliwapita akina mama wote kwenye foleni, akasimama mbele yangu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Mtani. Ulichukua mtoto mwenye macho mawili. Umenirudishia mwenye moja. Na kuku hukuleta. Nataka changu."

Watu wawili watatu wakacheka kwa woga, wakinitazama, wakingoja nijibu. Hiyo ndiyo kazi yangu pale, kujibu. Nilitafuta neno. Mimi niliyemjibu mwenyekiti mbele ya wageni wake, mimi niliyemtukana maiti akiwa njiani kuzikwa, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nilihisi machozi na nikakasirika kwa kuyahisi.

Bibi hakungoja zaidi. Alivuta kigoda, akakaa, akamkalisha mtoto mapajani, uso kuelekea mlangoni kwenye mwanga. Kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Na hili lililobaki?"

Nikachukua kurunzi. Nikalitazama lile jicho la kulia upande huu na upande ule, juu na chini, nikamwonyesha mtoto kifuniko cha kalamu akakifuata vizuri, nikakificha akakitafuta. Mboni ilikuwa nyeusi, safi.

"Zima," nikasema.

"Unanitania."

"Sikutanii."

"Apa."

Nikaapa. Alinitazama usoni kwa muda, akitafuta kile alichozoea kukiona pale kwa miaka yote. Halafu akasimama, akafunga mtoto mgongoni, akaondoka bila kuaga na bila kumpima uzito.

Mwezi uliofuata alikuwa wa kwanza kufika, kabla sijatundika mizani. "Na hili?" Nikamulika. "Zima." "Unanitania." Mwezi mwingine hivyo hivyo. Madaktari wa Dar humwona mtoto kila wanapomwita, na wao pia wanasema jicho ni zima. Bibi anasema si wao waliougundua weupe wa lile la kwanza. Binti, ambaye siku hizi ana ulimi kuliko mimi, amemkataza kunisumbua, na bibi amemwambia anyamaze.

Mtoto ameshavuka miaka mitano. Kwa ratiba yetu hana kazi tena na mimi. Anaruka kamba nje ya ghala, anawapiga wanaomcheka, na anapoitwa aje kukaguliwa anakuja akilalamika, anakaa mapajani kwa bibi yake ingawa miguu inagusa chini. Bibi anamgeuza uso kwenye mwanga. Namsalimu shikamoo, anaitikia marahaba. Namulika, natazama kama natazama mara ya kwanza, na kweli kila mara naogopa kama mara ya kwanza. "Zima," nasema. Ananichunguza usoni akitafuta kicheko. Hakipo, na bado haniamini, na mwezi ujao atakuja tena.